Kushoto kwa Mama

Siku niliyojua kwamba mama yangu anaumwa kweli si ile aliyoanguka penye pipa la maji. Siku ile aliinuka mwenyewe, akajipangusa magoti, akanigombeza kwa kuacha sabuni chini, na mimi nikafurahi, maana mtu mwenye nguvu za kugomba hajambo. Nilijua siku ya tatu yake, asubuhi, alipotoka chumbani akiburuta mguu wa kushoto, amejipaka msiro nusu ya uso.

Wanawake wa pwani yetu husugua kijiti cha msiro juu ya jiwe lenye maji mpaka utoke uji mweupe, wakajipaka usoni ngozi ilainike. Mama alikuwa akijipaka tangu usichana wake, na alijua kuupaka kuliko mwanamke yeyote wa mtaani kwetu. Asubuhi hiyo alikuwa ameupaka vizuri sana, kutoka sikio la kulia mpaka katikati ya pua. Hapo ukakoma, mstari umenyooka. Upande wa kushoto hakuna kitu, ngozi tupu. Kioo alikuwa nacho mkononi.

"Umependeza, mama," nikamwambia. "Lakini hujamaliza."

"Kipi sijamaliza?" Akajitazama tena, taratibu, akageuza kioo huku na huku. "Nimemaliza zamani."

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta alikuwa amekuja kuomba moto. Alimsalimia mama kutoka upande wa kushoto, mama hakuitikia, na kabla hajachukia vizuri akauona ule uso. Akaniita pembeni akaniambia kwamba kitu kimemchukua mama nusu na kitarudi kuchukua nusu iliyobaki. Aliyasema hayo kwa huruma, lakini nilimkata jicho. Tangu watu waliporudi Palma baada ya kukimbia vita, kila jambo lilikuwa linaelezwa kwa maiti. Mlango ukigonga, maiti. Mbuzi asipozaa, maiti. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne; nimezoea maswali yasiyo na majibu, lakini majibu ya haraka namna ile hunipandisha hasira. Nikamfunga mama kapulana safi kiunoni, nikatafuta pikipiki, tukaenda hospitali.

Daktari alikuwa kijana kutoka kusini, amepangiwa kwetu mwaka huo, na alikuwa na woga wa kuwa kwetu ambao alijitahidi kuuficha. Alijua Kireno tu na salamu mbili tatu za Kiswahili. Nikawa mkalimani. Nilidhani atampiga mama sindano, naye akampa karatasi na kalamu.

Akachora mstari mrefu, akataka mama aukate katikati. Mama akaweka alama yake mbali kabisa kulia, karibu na mwisho, akamtazama daktari kama anayengoja swali la maana. Akaambiwa achore mnazi. Akachora shina, akachora makuti ya kulia, mazuri, yanainama kama yanavyoinama makuti, na kushoto hakuchora hata moja.

"Huu mnazi umevunjwa na upepo?" nikamuuliza.

"Nnazi nzima huo," akasema. "Wewe ndiye huoni."

Kisha daktari akamwangalia macho, akamchezeshea kidole huku na huku, akaniambia macho ni mazima. Nikamjia juu. Kama macho mazima, mbona haoni? Hapo ndipo aliponieleza, kwa subira ambayo sikuistahili. Alisema si jicho lenyewe linaloona. Jicho hupeleka tu. Kinachopelekwa ni kingi mno, kila kukicha, kiasi kwamba ubongo ukijaribu kukipokea chote utachanganyikiwa, kwa hiyo kuna sehemu inayochagua: hiki kipite, kile kikae. Kwa mama, mshipa wa damu umeziba upande wa kulia wa ubongo, na huko ndiko inakokaa kazi ya kuuangalia upande wa kushoto wa dunia. Picha ya kushoto inaletwa, lakini haiitwi ndani.

Nilimwambia kwamba naelewa, ni kama lango la kambi ya gesi ya Afungi. Mdogo wangu wa kiume, kitindamimba wa mama, alikuwa akiosha masufuria jikoni kwa wafanyakazi huko, na alizoea kutuhadithia jinsi watu wanavyofurika langoni asubuhi, mwenye kadi akapita, asiye na kadi akabaki nje. Daktari akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akasema ndiyo, ila kumbuka kwamba waliobaki nje ya uzio hawajafa. Wapo palepale, na wengine hupenya.

Kwenye kitanda cha pili kulikuwa na mzee mmoja aliyepigwa upande ule mwingine wa ubongo. Yeye aliona kila kitu. Macho yake yalikufuata mlangoni mpaka dirishani. Lakini maneno yote yalikuwa yamemtoka isipokuwa moja: "basi." Ukimuuliza jina lake, basi. Ukimuuliza kama ana kiu, basi, basi, na machozi juu. Mkewe akimwanzishia Alhamdu, aliisoma mpaka mwisho bila kukwama, kisha akirudi kwenye mazungumzo, basi. Daktari alisema sala ile ilikuwa imekaa mahali pengine, pa mazoea, si mahali pa kutafutia maneno. Mama alimsikiliza yule mzee kwa muda, akaninong'oneza, "Masikini, huyu anaumwa kweli." Nilicheka, halafu nikaona aibu. Ulimi wa mama ulikuwa mzima, mkali kama zamani, na ulimi huo ndio uliokuwa ukitudanganya sisi sote kwamba hana kitu.

Kabla hatujaondoka, daktari alitaka mama afumbe macho, ajione anatoka nyumbani kwenda sokoni, ataje nyumba anazozipita. Mama akafumba. Akaanza: kwa fundi cherehani, kwa mjane wa maandazi, kwa yule haji mwenye redio, kwa wauza chumvi. Nyumba zote za kulia. Za kushoto hakutaja hata moja. Daktari akaniambia nimwambie sasa ageuke, arudi nyumbani kwa njia ileile. Mama akageuka mumo humo akilini mwake, na mara zile nyumba zilizokosekana zikaibuka: kwa mkunga, kwa mwalimu wa chuo, kwa wale ndugu wawili mafundi wa baiskeli, nyumba yenye mlango wa kijani. Zile alizozitaja mwanzo sasa zikawa zimefutika.

Nilikuwa natafsiri jina la nyumba moja moja. Nyumba karibu zote hizo ziliungua. Mjane wa maandazi hatujui aliko. Mlango wa kijani haupo, na ukuta ulioushika haupo. Daktari hakuwa na habari, yeye alikuja baadaye, alikuta viwanja vyenye majani. Mama alikuwa akizipita zote zikiwa nzima, na watu wake barazani, upande mmoja akienda na upande mwingine akirudi. Tulipofika nyumbani niliingia chooni nikalia huko.

Sina haja ya kueleza sana zile siku za kukimbia. Mama na mimi tulishika ufuko kwenda Kionga, miguu ndani ya maji ili tusiache nyayo, na baadaye tukavuka mto wa mpakani. Mdogo wangu alitokea upande mwingine wa mji, akaingia na kundi lililoshika njia ya Pundanhar. Hatukumwona tena. Tuliporudi, nyumba yetu ilikuwa imesimama na bati lake, jambo lililotufanya tuone haya mbele ya majirani. Nyumba ya mjomba, kaka wa mama, iliungua, na ya mdogo wangu pia. Toka siku ile ya kurudi mama hakula chakula cha jioni bila kusema, "Mbakizieni ndugu yenu." Tukapakua sahani moja, tukaifunika kawa, asubuhi tukala kiporo. Hakuna aliyebisha. Hata alipopata maradhi, akawa anakula nusu ya sahani ya kulia na kulalamika tunampunja, nami naigeuza sahani na yeye anashukuru nimemwongezea, hakusahau: mbakizieni ndugu yenu.

Mara ya pili kwenda kwa daktari, mwezi mmoja baadaye, alichora nyumba mbili kwenye karatasi, moja juu ya nyingine, sawasawa kwa kila kitu. Ila ile ya juu aliichorea moto unatoka dirisha la kushoto. Nilimwambia, "Wewe, katika mji huu, unachora nyumba inayoungua?" Akaona haya mpaka masikio, akaomba radhi, lakini karatasi hakuiondoa. Akaniambia nimuulize mama tofauti ya nyumba zile. Mama akasema hakuna, ni ileile mara mbili, mnanichezea. Daktari akasema sasa nimuulize angependa kulala ipi. Mama akagusa ya chini. Daktari akazichora upya, akabadilisha, moto chini. Mama akagusa ya juu. Mara ya tatu vilevile.

"Kwa nini hiyo, mama?"

"Hii ina raha," akasema. "Hiyo nyingine, sijui. Haina raha."

Daktari akasema haya ndiyo aliyotaka niyaone. Kisichopewa nafasi ya kuonwa kinaingia vilevile, kinafanya kazi, kinamsukuma mtu, na mwenyewe hana neno la kukisemea. Nilimtafsiria mama kwa ufupi kwamba daktari anamsifu. Mimi mwenyewe nililisikia lile jambo likanipendeza kama jambo la kitabuni, nikaenda kuwasimulia walimu wenzangu.

Mwezi wa Shaaban uliofuata, alasiri moja, alikuja mtu barazani kwetu kutoka Nangade. Mama alikuwa amelala ndani. Alikuwa mtu wa umri wa mdogo wangu, amekonda, na alikataa kiti. Alisema walikuwa pamoja njia ya Pundanhar. Siku ya tatu mdogo wangu alipata homa, na maji hayakuwapo. Walimweka kivulini kando ya shamba la mihogo, hakuinuka; wakamsalia, wakamzika papo hapo. Akanitolea kofia ya kufuma ya mdogo wangu, imekunjwa mara nne. Nilimpa maji, akanywa akitazama chini, akaondoka bila kuniangalia machoni.

Mjomba alikuja kabla ya magharibi. Akaishika ile kofia, akakaa nayo magotini, akasema mambo mawili ambayo yote yalikuwa kweli na hayawezi kukaa pamoja. La kwanza, dada yake tensão yake ya damu iko juu, tukimwambia tutakuwa na maiti wawili. La pili, mtu wa kwetu huliliwa kwa mama yake. Kumsomea mtu hitima nyumba nyingine wakati mama yake yupo hai na ana bati juu ya kichwa, ni kumtangaza kwamba alikuwa hana kwao. Kwa ajili ya sala ya ghaibu msikiti unatosha. Lakini watu lazima wakae kwa mama yake.

"Sasa tufanyeje?" akaniuliza. Mjomba wangu hakuwa mtu wa kuuliza.

Na mimi, mwalimu, mwenye akili nyingi, nikasema: "Tuwakalishe watu kushoto kwake."

Nikamweleza. Ni Shaaban, kila nyumba inawasomea marehemu wake, kwa hiyo hitima yenyewe haitamshangaza. Kitanda chake tukitoe barazani. Tukigeuze, ukuta uwe kuliani na ua wote uwe kushotoni. Watu waingie kwa mlango wa nyuma. Hatawaona. Mjomba alinitazama kama mtu aliyeletewa dawa. Nilijisikia fahari. Naiandika hapa kwa sababu ndiyo inayoniuma kuliko yote: nilipomgeuza mama ukutani ili asijue msiba wa mwanawe, moyoni nilikuwa najipongeza.

Watu walikuja wengi, maana mdogo wangu alipendwa. Wanawake walijaa mikekani, bega kwa bega, wa kwanza wao angeweza kunyoosha mkono akamgusa mama bega la kushoto. Wanaume walikaa uani. Udi ulifukizwa. Kofia iliwekwa juu ya sinia nyeupe katikati ya mkeka, na wanawake waliokuwa wakilia walijiziba mdomo kwa ncha za kapulana. Sijawahi kuona kilio cha namna ile, watu sitini na hakuna sauti.

Yasini ilipoanza mama aliisikia. Masikio yake yalikuwa mazima kama macho. Lakini sauti iliyotoka kushoto yeye aliitafutia kulia, ndivyo maradhi yake yalivyokuwa. Akageuza uso ukutani, kwenye udongo mtupu, akatabasamu.

"Leo ukuta unasoma," akasema.

Hakuna aliyecheka. Akawa anausikiliza ule ukuta, midomo inafuata aya kwa aya. Ilipofika dua mjomba akaanza kuwataja marehemu wetu, babu, bibi, baba yangu, shangazi zangu, na kila jina mama aliitikia, "Mola amrehemu." Mwisho kabisa mjomba akashusha sauti akataja jina la mdogo wangu. Midomo ya mama ikasimama. Akaomba maji. Nikamnywesha, nikajiambia ni kiu tu, udi umemkausha koo.

Jioni ile tulikula wali na samaki. Mama akala nusu yake, nikaigeuza sahani, akala nusu nyingine, akanawa. Nikangoja. Hakusema kitu. Siku ya pili, kimya. Ya tatu, kimya. Nilipakua ile sahani kwa mazoea, nikaifunika kawa kama kawaida, na asubuhi ya siku ya nne mama akaiona pale mezani kuliani kwake, akanuna.

"Nani huyu mnamwekea chakula mpaka kinachacha?"

"Ndugu yangu, mama. Wewe ndiye unayesema abakiziwe."

Alikunja uso kama mtu anayetafuta kitu alichotumwa sokoni. Machozi yakaanza kumtoka. Hayakuwa ya kwikwi, yalimwagika tu, na uso wake ulikuwa na mshangao kuliko huzuni. Akayagusa kwa vidole, akaniangalia.

"Nalilia nini, mwanangu?"

Nikasema pengine ni moshi.

Hakuacha. Alilia akioga, alilia akichagua mchele, na kila mara aliniuliza, kwa adabu, kama mtu anayeuliza saa: nalilia nini? Aliuliza na jirani. Jirani, aliyekuwa amekaa mkekani na kufunga mdomo wake kwa ajili yetu, akanijia jikoni na kuniambia safari hii hasemi habari ya mashetani. "Ila huyu ntu mnamtesa," akasema. Nikamwambia anipishe, nina kazi. Nilikuwa na jibu la mama kinywani, maneno manne tu, nikala nalo, nikalala nalo, nikaenda nalo shule. Niliogopa. Niliogopa tensão, niliogopa mjomba, na zaidi niliogopa swali litakalofuata.

Nikaenda kwa daktari peke yangu. Nilimsimulia yote, hata kitanda. Alinisikiliza akipoteza rangi usoni. Hakunilaumu, na ingekuwa afadhali anilaumu. Alisema habari imemfika mama siku ileile, imemwingia mwilini na moyoni. Ila sehemu ya ubongo inayosema na kueleza, ile nzima, haikupewa. Analia msiba ambao hana jina la kuuita. Kuhusu tensão akasema nimlete aipime. Tulimpima kesho yake. Ilikuwa juu kuliko siku zote, bila mtu kumwambia neno.

Tuliporudi nikamketisha barazani, nikaivuta stuli nikakaa kuliani kwake, uso kwa uso.

"Mama. Ntoto wako amefariki."

"Ndiyo," akasema.

Alisema hivyo tu, kama nimemkumbusha jina la mtaa. Kisha akavuta pumzi ndefu, na kwa mara ya kwanza kilio kikaja na sauti. Nilimshika mpaka kikapungua. Nilidhani atauliza lini, ameuawa au ameugua. Mama alikuwa na maswali mengine.

"Nani alimwosha?"

"Maji hayakuwapo, mama. Walimtayamamisha kwa mchanga."

"Waliomzika ni Waislamu?"

"Ndiyo. Walisimama sala."

Akaitikia kwa kichwa. Akajifuta kwa mkono wa kulia, ule wa kushoto ukiwa umelala pajani bila habari.

"Na watu walikuja hapa?"

"Walikuja, mama. Wengi."

"Walikaa wapi?"

Nikajua ndilo swali lenyewe. Ningeweza kusema msikitini, ningeweza kusema kwa mjomba.

"Walikaa kushoto kwako. Mimi ndiye niliyegeuza kitanda."

Mama hakunipiga wala hakunitukana. Aliwaza. "Na mie nilikuwapo?"

"Ulikuwapo."

"Nikafanya nini?"

"Uliomba maji."

Halafu akasema, "Waite tena."

Mjomba alipinga. Alikuja na kanzu yake ya Ijumaa, akasema matanga hayafanywi mara mbili, mtu hafi mara mbili, watu watatucheka, na mchele wa kuwapikia umetoka wapi. Mama alimsikiliza mpaka akamaliza. Ndugu hawa wawili sijawahi kuwasikia wakibishana, na hata siku hiyo mama hakupaza sauti.

"Kaka," akasema, "nyie mmeshafiwa. Mie bado."

Mjomba akavua kofia akakaa chini. Kisha akaenda mwenyewe nyumba hadi nyumba, mimi nikaenda nyingine, na ilikuwa kazi ngumu kuieleza mlangoni mwa watu, kwamba tunawaomba waje tena kumlilia waliyemlilia juma lililopita. Hakuna aliyekataa. Wengi wao, nadhani, walikuwa wameondoka siku ile na kilio chao tumboni, hakikutoka.

Siku ya pili yake tulikigeuza kitanda, ukuta ukawa kushotoni. Mikeka yote ikatandikwa kulia. Wanawake wakaingia kwa mlango wa mbele, mmoja mmoja, wakampa mama mkono, na mama akawajua wote, akawaita majina, akawaambia mwanangu kafa jamani, na wao wakapiga kelele kama ambavyo kelele za msiba hupigwa. Kofia alipewa mkononi. Aliinusa. Alilia mpaka akachoka, na kilio chake kilikuwa na jina ndani yake, alilitaja tena na tena.

Mimi nilikuwa na kazi za chai na maji. Nilipomaliza kupitisha vikombe nikatafuta pa kukaa, pakawa hapana. Upande wa kulia umejaa mpaka ngazini. Nikajipenyeza baina ya kitanda na ukuta, nikakaa chini, kichwa changu karibu na kiwiko chake cha kushoto. Nilikuwa nimechoka. Kwa mara ya kwanza tangu yule mtu wa Nangade aondoke, nikamlilia mdogo wangu.

Mama akatulia kidogo. Akawatazama wanawake waliojaa mbele yake, sura baada ya sura, mpaka wa mwisho. Akamshika jirani yetu mkono.

"Na binti yangu yuko wapi?" akamuuliza. "Ndugu yake kafa. Hajaja?"

"Nipo, mama," nikasema. "Nipo hapa."

Aliisikia sauti yangu, uso ukamchangamka. Akageukia kulia, akaanza kunitafuta katikati ya wanawake.